Vumbi la Kangaga

Septemba 2024, miezi mitano baada ya mafuriko yaliyofunika mashamba na nyumba kote Rufiji na Kibiti, nilialikwa kuzungumza kwenye mahafali ya darasa la saba katika shule ya msingi niliyosoma, huku kwetu Ndundu. Nilisimama chini ya turubai, nikashika kipaza sauti, nikawaambia watoto yale ambayo kila mgeni rasmi huwaambia watoto. Kwamba mimi pia nilikaa kwenye madawati haya. Kwamba nilikuja shule bila viatu. Kwamba nilijituma, sikukata tamaa, na leo ni mwalimu wa biolojia Dar es Salaam. "Mkijituma," nikasema, "na nyinyi mtafika." Kina mama wakapiga vigelegele.

Nyuma kabisa, chini ya mwembe, alisimama binamu yangu. Mwanawe wa kwanza alikuwa miongoni mwa wahitimu. Hakupiga makofi, na wala hakununa. Alinitazama tu, kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Jioni, tulipokaa mkekani kula, alinitengea samaki na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kumbe mimi sikujituma."

Hakuna aliyejibu. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele. Lakini sentensi ile nilirudi nayo Dar, na kwa miezi mitatu nilikuwa nikiamka nayo.

Mimi na yeye tulilelewa na bibi mmoja. Mimi ni mtoto wa binti yake, yeye ni mtoto wa mwanawe wa kiume. Tulilala kitanda kimoja, tulichota maji pamoja, na mwaka 2007 tulifanya mtihani wa darasa la saba katika chumba kimoja. Wote wawili tulifaulu. Yeye alinizidi hisabati, jambo ambalo sikulitaja kwenye kipaza sauti. Januari 2008 mama mdogo alikuja kutoka Mbagala. Alikuwa na nafasi ya godoro moja na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja. Kwake sisi wote tulikuwa watoto wa ndugu zake, na sijawahi kuona dalili kwamba alimpenda mmoja zaidi. Ila wiki ile binamu yangu alikuwa deltani kwa baba yake, akisaidia kupandikiza mpunga. Simu haikushika. Mama mdogo alikuwa na ruhusa ya siku mbili kazini, na basi lilikuwa la alfajiri. Akauliza, "Nani yupo?"

Nilikuwepo mimi.

Binamu yangu alirudi wiki mbili baadaye na kukuta nusu ya kitanda iko wazi. Alianza kidato cha kwanza huku huku nyumbani, kwa ada ya kuungaunga, na mwaka uliofuata akaacha. Sekondari bila ada ilikuja 2016. Wakati huo yeye alikuwa mama wa watoto wawili, na mimi nilikuwa chuo kikuu nikisoma mimea.

Desemba, shule zilipofungwa, nilimwomba anipeleke kuliona shamba lile. Sikuwa nimewahi kulikanyaga. Nilitaka kuona mahali ambapo yeye alikuwepo siku ambayo mimi nilikuwepo kwingine.

Tuliondoka Ndundu asubuhi. Hapa kwetu watu wa makamo bado wanaikumbuka pantoni, na foleni ya magari ya kusini yaliyosubiri zamu kabla Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, halijafunguliwa mwaka 2003. Tulipita Kibiti, tukafika Bungu, tukachepuka kwenda Nyamisati, na kutoka hapo tukaingia kwenye boti. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Tanzania, karibu hekta 50,000, na ukiwa majini unauona kama ukuta: mikoko yenye mizizi ya magoti, michu, mikomafi, na ndani zaidi, maji ya chumvi yanapopungua, misikundazi. Upande wa kaskazini, ambako maji baridi ya mto yalizidi tangu mafuriko ya miaka ya 1970, watu walifyeka sehemu za msitu huu wakalima mpunga. Mjomba alikuwa mmoja wao. Mashamba ya namna hiyo hayadumu. Miaka ya mwanzo yanazaa, kisha magugu yanashinda nguvu za jembe, na mkulima anahamia kwingine. Mjomba alilima hapo mpaka alipougua, na tangu alipofariki hakuna aliyerudi.

"Ndilo hili," binamu yangu akasema.

Mbele yetu hapakuwa na mpunga wala mkoko. Palikuwa na makangaga, yamesongamana, marefu kutupita, majani yake magumu kama ngozi. Binamu yangu alikata jani moja kwa panga na kuligeuza. Vijani vya juu, vile vya nchani, upande wa chini vilikuwa vimefunikwa na kitu cha rangi ya kutu, laini kama mahameli. Alipitisha kidole. Kikatoka na vumbi la kahawia. "Tulikuwa tunapakana hili usoni," akasema. "Tunajifanya wazee."

Nilijua vumbi lile ni nini. Nimelifundisha miaka saba, kwa mchoro ubaoni. Kangaga halitoi ua wala mbegu, linatoa spora. Lakini nilikuwa sijawahi kulishika mbele ya mtu ambaye nina deni naye, na pengine ndiyo maana safari hii nililifikiria tofauti.

Tulirudi na lile jani kijijini anakoishi. Usiku nililiweka juu ya karatasi nyeupe, si mbali na jiko la mkaa, na asubuhi nilipoliinua, karatasi ilikuwa imechorwa umbo la jani kwa unga wa kahawia. Mwanawe wa pili, msichana wa darasa la tano, aliinama akauliza: "Umeanguka wenyewe?"

Nikamwambia hapana. Umerushwa.

Upande wa chini wa jani la kangaga kuna vifuko vingi mno, kila kimoja kidogo kiasi kwamba jicho linaona mahameli tu. Ndani ya kifuko kimoja, kwa kawaida, zimo spora 64. Mgongoni mwa kifuko umepita mstari wa seli zenye kuta nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, zimejipanga kama pingili za uti wa mgongo, na kila seli imejaa maji. Hewa inapokauka, maji yanaanza kuvukizwa kupitia ule ukuta mwembamba. Maji hayataki kuachana, yanashikana yenyewe kwa yenyewe na yanashika kuta, kwa hiyo kadiri yanavyopungua yanazivuta kuta zikaribiane. Uti wa mgongo unapinda kwa nyuma. Kifuko kinapasuka na kufunguka taratibu, kama mtu anayevuta mkono nyuma kurusha jiwe, huku spora zikiwa bado zimekaa kwenye kiganja.

Halafu maji yanashindwa. Mvuto unapofika karibu mara 90 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, viputo vinatokea ghafla ndani ya seli, kamba inakatika, na mkono unarudi mbele kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Spora zinatoka kwa kasi ya kama mita 10 kwa sekunde, mwendo wa pikipiki mtaani. Mwaka 2012 kundi la watafiti likiongozwa na Xavier Noblin wa Ufaransa lilieleza katika jarida la Science namna kombeo hili linavyofanya kazi, baada ya kulipiga picha za kasi kubwa sana kwenye jamaa wa mbali wa kangaga letu. Kilichowashangaza ni kwamba mkono ule unasimama katikati ya safari. Kombeo la kutengenezwa na mtu huhitaji mti wa kuuzuia mkono ili jiwe liachie. Hili halina kizuizi chochote. Sehemu ya maji yaliyobaki, yakilazimishwa kupenya kwenye kuta za seli, yanaufanya mkono upunguze mwendo kwa wakati unaofaa, na spora zinaendelea peke yake.

Nilimweleza mtoto haya kwa maneno mepesi. Mama yake alikuwa anamenya kamba pembeni, akisikiliza. Akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuuliza: "Zinakwenda mpaka wapi?"

Jibu lake ndilo lililonigeuza. Zinakwenda sentimita chache tu. Spora ni nyepesi mno, upana wake hata sehemu ya kumi ya milimita haufiki, na hewa inaizuia kama maji mazito yanavyomzuia mtu anayekimbia. Nguvu zote zile, maji yote yale yaliyovutwa mpaka yakakatika, yanaitoa tu spora kwenye tabaka la hewa tulivu linaloganda karibu na jani. Baada ya hapo mzazi hana la kufanya. Kinachobaki ni upepo.

Na upepo hauchagui. Spora 64 za kifuko kimoja zimelala pamoja, zimerushwa na mkono mmoja, kwa nguvu moja, saa moja. Nyingi zinaanguka mita chache kutoka kwa mama yao, kwenye kivuli chake, na kivulini zinaishia. Nyingine zinaangukia maji ya chumvi. Kangaga lililokomaa linavumilia chumvi, ndiyo maana linaishi penye mikoko, lakini spora yake haioti vizuri penye chumvi nyingi. Inahitaji mwanga, unyevu, na msimu ambao maji baridi yamezidi. Hata ikiota, haitoi kangaga. Inatoa kijani kidogo chenye umbo la moyo, kisichofika ukubwa wa ukucha, ambacho wataalamu hukiita prothali. Hicho nacho kinangoja utando wa maji, ili mbegu ya kiume iogelee kulifikia yai, mara nyingi yai la jirani. Ndipo kangaga linaanza. Kila hatua kati ya hizo ni mlango, na milango mingi imefungwa.

Inayopita yote inaweza kufika mbali kuliko akili inavyokubali. Kisiwa cha Krakatau, Indonesia, kiliunguzwa na volkano mwaka 1883. Mtaalamu wa mimea Melchior Treub alipokikagua mwaka 1886, kati ya mimea michache iliyokuwa imerejea alikuta aina 11 za jamii ya kangaga, zimeota juu ya majivu. Spora zilikuwa zimevuka bahari. Ukisimama Krakatau mwaka ule ukayaangalia yale makangaga, ungeweza kusema haya ndiyo mashujaa, haya ndiyo yaliyojituma. Ungekuwa hujaona bahari.

Hicho ndicho nilichokifanya chini ya turubai. Nilisimama kisiwani nikasimulia habari za kisiwa.

Najua hatari ya kuokota maadili porini. Kangaga halifundishi wema. Halimpendi mtoto wala halimtupi, kwa sababu halina nia, na mtu anayetaka kuhalalisha lolote atapata mnyama au mti wa kumuunga mkono. Nikitaka kusifu wazazi wanaolea kwa karibu, mkoko uko pale pale: mbegu yake huotea juu ya mti, inaning'inia kama rungu la kijani, na haiachiliwi mpaka iwe mche tayari kusimama kwenye tope. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mkoko ungeitikia. Lakini hata huo mche wa mkoko, ukishaachiliwa, unachukuliwa na maji kupwa au maji kujaa kutegemea saa ulipodondoka. Kwa hiyo sitaki kangaga liniambie niishi vipi. Nataka linisaidie kazi moja tu, kutenganisha sehemu za jambo: ipi ni ya mkono uliorusha, ipi ni ya chembe iliyorushwa, ipi ni ya upepo. Kwa binadamu sehemu hizo zimechanganyika, na anayefaidika na mchanganyiko huo ni yule aliyefika.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walijadiliana juu ya kile walichokiita bahati katika maadili. Tunaamini, kwa haki kabisa, kwamba mtu asilaumiwe wala kusifiwa kwa jambo lisilo mikononi mwake. Halafu kila siku tunafanya kinyume. Madereva wawili wa bodaboda wanaendesha kwa uzembe ule ule. Mmoja anakatiziwa na mtoto barabarani, mwingine anakuta barabara nyeupe. Wa kwanza tunamwita muuaji, wa pili hatumwiti chochote. Nagel alionyesha kwamba ukianza kuondoa kila kitu kilichotokana na bahati, na tabia yako uliyorithi, na mahali ulipozaliwa, na nafasi ulizokutana nazo, unaweza kufika mahali ambapo habaki mtu wa kusifiwa wala wa kulaumiwa.

Mimi sitaki kufika huko, na nadhani wanafunzi wangu nao hawataki. Ni mwalimu. Nikiwaambia vijana wa kidato cha pili kwamba kila kitu ni upepo, kesho yake nusu hawataleta daftari, na watakuwa na hoja. Tena haitakuwa kweli. Mbagala nilisoma usiku kwa taa ya kandili. Nilifua, nilipika, nililala saa nne kila siku kwa miaka. Spora iliyoangukia mahali pazuri bado ina kazi ya kuota, na kazi ile niliifanya mimi, hakuna aliyenifanyia.

Lakini siku ile kijijini niliamka saa kumi alfajiri na kumkuta binamu yangu ameshaondoka na wenzake kufuata kamba, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka saa hiyo na hayamsubiri mtu. Alirudi jua likiwa juu, magoti yana tope, akamenya, akachemsha, akaanika, akapika, akamsimamia mtoto kazi ya shule. Ameishi hivyo miaka kumi na tano. Kama kujituma kungekuwa na mizani, sijui kama ningethubutu kupanda mizani ile pamoja naye. Juhudi ilihitajika kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba juhudi yangu iliangukia mahali ambapo juhudi inalipa cheti, na yake mahali ambapo inalipa kilo za kamba. Kosa langu kwenye mahafali halikuwa kusema nilijitahidi. Lilikuwa kuisimulia juhudi kama sababu pekee, na hivyo kumtolea hukumu mtu aliyesimama chini ya mwembe bila hata kumtaja jina.

Nilipofika hapo kwenye fikra zangu, nilidhani najua dawa. Ni dawa ya zamani, na kila msomi wa Tanzania ameirithi. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha waliosomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo niliukariri shuleni, na usiku ule nilimwambia binamu yangu, karibu kwa machozi, kwamba nina deni lake na nataka kulilipa. Nitajenga choo cha matofali. Nitamnunulia jokofu la kuhifadhia kamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Usinilipe. Sikukukopesha."

Nilidhani amekasirika, lakini hakuwa amekasirika. Alikuwa anasahihisha, kama zamani alivyokuwa akinisahihisha hesabu. Katika mfano wa Mwalimu, wanakijiji walikaa, wakakubaliana, wakampa mtu wao chakula. Yeye hakukaa kikao chochote. Hakunipa nafasi ile. Ilipita wakati yeye yuko matopeni na mpunga mkononi. Nikiliita deni, ninamgeuza kuwa mfadhili wangu, ninapamba tukio ambalo halikuwa na pambo, na nikimaliza kulipa nitajiona huru. Deni lina siku ya mwisho. Alichokitaka yeye hakina siku ya mwisho. Alitaka nisimulie jinsi ilivyokuwa.

Naona sasa kwamba hayo ni mambo mawili, na nilikuwa nayachanganya. Mzazi au jamii iliyojinyima kwa ajili yako, hiyo unaiwia, na mfano wa Mwalimu unakufaa. Bibi aliuza mpunga wa chakula ili nipate nauli. Kwake nilikuwa na deni la wazi. Lakini wale mliokuwa kifuko kimoja, waliorushwa pamoja nawe wakaangukia chumvi, hao hawakudai kitu ulichochukua kwao. Wanadai ukweli. Wanadai usiwe shahidi wa uongo katika kesi yao, kesi inayosikilizwa kila siku kwenye vijiwe, kwenye usaili wa kazi, kwenye mahafali, ambapo huulizwa: huyu kwa nini hakufika? Na jibu huwa tayari limeshatolewa na yule aliyefika.

Tena ukweli huo una kazi. Nililiona hilo kwenye shamba la mjomba. Makangaga yakishashika mahali palipofyekwa, yanasongamana kiasi kwamba mche wa mkoko ukiletwa na maji hauoni jua. Wanaojaribu kurudisha mikoko sehemu kama zile wanajua: kwanza uyakate makangaga. Chembe iliyotua kwa bahati, ikikua bila kujua ilivyotua, inakuwa kivuli. Nimewaona watu wa namna hiyo, na nimekuwa mmoja wao. Ni yule bosi anayesema vijana wa siku hizi wavivu. Ni yule mwalimu anayemwambia mtoto anayesinzia darasani kwamba hana malengo, bila kumuuliza ameamka saa ngapi. Kangaga kubwa limesahau kwamba chumvi inayoivumilia leo ingeliua siku ya kwanza.

Hapa ndipo binadamu anapoachana na kangaga, na nashukuru tunaachana. Kangaga halina kosa kwa spora zilizokufa, kwa sababu mkono wake ukishasimama katikati ya safari, umesimama, na upepo haurudi kuuliza zipi hazikuchukuliwa. Sisi tunaweza kurudi. Tunaweza kuuliza, nani hakuwepo? Swali hilo ni gumu kuliko "nani yupo?" kwa sababu linataka umngoje mtu wiki mbili, utume ujumbe kwa boti, ukose basi la alfajiri. Mama mdogo hakuweza, na simlaumu; alikuwa na siku mbili na godoro moja. Lakini mimi leo nina zaidi ya siku mbili.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshaamua. Matokeo ya kuchaguliwa kidato cha kwanza yalikuwa yametoka, na mwanawe mkubwa alikuwa amepangiwa shule ya kata. Nilimwambia binamu yangu kwamba nataka kumchukua aje akae kwangu Dar. Chumba kipo, shule nzuri iko karibu, nitasimamia. Niliyasema haya kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa boti, miguu majini. "Na huyu?" akauliza, akimwonyesha kwa kidevu yule msichana wa darasa la tano, aliyekuwa ameibeba karatasi yangu yenye vumbi, ameikunja vizuri isimwagike.

Sikuwa nimemfikiria. Nilikuwa nimekuja na godoro moja.

Tulikubaliana jambo dogo, lisilo na ushujaa. Kijana hatahamia Dar. Atasoma shule ya kata akikaa kwa bibi yake Ndundu, na mdogo wake atahamia hapo pia, wasome pamoja. Fedha ambayo ningemlipia mmoja shule nzuri ya mjini, nitaigawa kwa wote wawili: daftari, sare, chakula, taa ya sola, na mwalimu wa hisabati jioni. Likizo wote wawili watakuja kwangu. Sijui kama ni uamuzi bora. Inawezekana nimemnyima kijana nafasi ambayo ingemfikisha mbali kuliko mimi, kwa ajili ya haki ambayo hakuiomba, na siku moja anaweza kuniuliza. Nikiulizwa sitakuwa na spora wala upepo wa kusingizia. Nitajibu kwamba tuliamua sisi, tukiwa wote tupo, na mama yake akiwamo.

Januari nilirudi darasani, na mada ya kwanza ilikuwa mimea isiyotoa maua. Nilichora kifuko ubaoni, nikachora uti wa mgongo wake, nikaandika 64. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, sasa kati ya hizo 64, ngapi zinafanikiwa?" Zamani ningejibu kwamba ni chache sana, zile zenye nguvu. Safari hii nilimwambia ni chache sana, na kwamba zote 64 zilikuwa na nguvu.

Kisha nikawasimulia habari za binamu yangu aliyenizidi hisabati.